Dawa ya Uchungu: Mwambie Mkunga Ulichokunywa

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wanaume hulikwepa na wanawake hulinong'ona jikoni, yaani dawa apewazo mama siku ya kujifungua. Mimi ni karani wa parokia tu, si mganga. Lakini wakunga wa zahanati hawachoki kuulizwa, na ujuzi wao yafaa ufike nyumbani kabla ya siku yenyewe.

Tuanze nyumbani. Mahali pengi katika Afrika mwanamke anapokaribia kujifungua hupewa maji ya mizizi au ya majani ili uchungu uje upesi. Huko Malawi wana dawa waiitayo mwanamphepo. Wazulu wa Afrika Kusini wana isihlambezo yao. Sisi twasema tu dawa ya uchungu. Bibi huichemsha kwa upendo, akitaka mjukuu wake asiteseke usiku kucha. Usimcheke. Miti mingine ya namna hiyo yafanya kazi kweli, na hapo ndipo ilipo hatari. Kama yangekuwa maji matupu, mama angeyanywa akapata haja ndogo tu, mambo yakaisha.

Wazungu nao walipita njia hiyo hiyo. Huko Ulaya kuna nafaka iitwayo rai, ndugu yake ngano. Ikishikwa na ukungu fulani, huota pembe nyeusi badala ya punje. Watu walipokula mkate wa unga wenye ukungu huo, mikono na miguu iliwaka kama moto, ikawa myeusi, ikakatika. Ugonjwa huo ukaitwa Moto wa Mtakatifu Antoni, na mabruda waliochukua jina la mtakatifu huyo walijenga hospitali za kuwatunza wagonjwa wake. Lakini wakunga walikuwa wamegundua kwamba ukungu ule, ukitolewa kidogo, hukaza mji wa mimba. Mwaka 1808 daktari mmoja wa Marekani, John Stearns, aliandika akiusifu kwa kuharakisha uzazi, na madaktari wengi wakaufuata. Haikupita miaka ishirini, David Hosack wa New York akaonya kwamba unga ule wa kuzalisha ulistahili kuitwa unga wa mauti, kwa sababu ya watoto waliokuwa wakizaliwa wafu.

Kwa nini walikufa? Sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Mji wa mimba ni msuli. Wakati wa uchungu hukaza, kisha hulegea. Unapokaza, damu iendayo kwa mtoto hupungua. Unapolegea, damu hurudi na mtoto hupata pumzi yake. Dawa ikiukaza bila kuulegeza, mtoto huyo husongwa humo humo ndani. Tena mama aliyezaa mara nyingi, au aliyewahi kupasuliwa, mji wake waweza kuchanika kabisa, akavuja damu tumboni pasipo mtu kuiona.

Sasa twende kwenye chumba cha kuzalia. Dawa kubwa ya mkunga ni oksitosini. Mwenyezi Mungu ameiweka kwanza ndani ya mwili wa mama mwenyewe, katika tezi ndogo chini ya ubongo. Ndiyo sababu mtoto akinyonya mara tu baada ya kuzaliwa, mama husikia tumbo likikaza. Mwaka 1906 Mwingereza Henry Dale alionyesha kwamba maji ya tezi ile hukaza mji wa mimba. Mwaka 1953 Vincent du Vigneaud wa Marekani akaitengeneza dawa hiyo katika maabara, na mwaka 1955 akapewa Tuzo ya Nobel. Jina lenyewe limetoka katika Kigiriki, na maana yake ni kuzaa upesi.

Chupa ni ile ile ndogo, lakini ina nyakati mbili zisizofanana hata kidogo. Kabla mtoto hajatoka, oksitosini hutolewa kwa dripu tu, matone machache kwanza, kisha yakaongezwa polepole, na mkunga ameweka mkono tumboni akihesabu. Uchungu mara tatu au nne katika dakika kumi unatosha. Ukizidi mara tano, dripu hufungwa. Kuichoma sindano ya msuli wakati huo ni marufuku, maana dripu yafungika, lakini sindano ikishaingia haitoki. Kwa hiyo, dada yangu, mtu akija nyumbani kwako na sindano ya kuongeza uchungu, mfukuze, hata kama ni jamaa.

Baada ya mtoto kutoka, mambo hugeuka. Mkunga hupapasa tumbo kuhakikisha hakuna pacha mwingine, kisha katika dakika ile ya kwanza humchoma mama vipimo kumi vya oksitosini pajani. Sasa twataka mji ukaze kwa nguvu, ili mishipa iliyoachwa wazi na kondo la nyuma ifungwe. Kutoka damu baada ya kuzaa ndiko kunakoua akina mama kuliko jambo lingine lolote la uzazi, na mama mwenye afya aweza kukata roho kwa muda wa saa mbili. Kwa hiyo usiikatae sindano hiyo kwa kusema, "Nimekwisha kuzaa, ya nini tena?" Damu ikizidi, mkunga ana dawa ya pili iitwayo asidi traneksamiki, ambayo huzuia damu iliyoganda isiyeyuke. Uchunguzi wa wanawake elfu ishirini, uliotolewa mwaka 2017, ulionyesha kwamba huokoa ikitolewa kabla ya saa tatu kupita.

Sasa fikiri. Mama amekunywa dawa ya bibi alfajiri. Saa nne yuko zahanati, anaulizwa kama ametumia kitu chochote, anajibu, "Sikunywa kitu." Baadaye mkunga aona uchungu umelegea, aandaa dripu. Amefanya kila kitu kama alivyofundishwa, naye hajui kwamba ndani mna dawa nyingine yenye kazi ile ile, isiyojulikana kipimo wala muda wake. Dawa mbili zakutana juu ya msuli mmoja.

Mbona basi mama hasemi? Aogopa kufokewa. Na hapa sitawaficha wauguzi: wako wanaofoka. Mama akitukanwa mbele ya wenzake kwa ajili ya kikombe cha mizizi, wote walio kwenye benchi wamekwisha kujifunza kusema uongo. Lakini wewe sema, hata ukifokewa. Na wewe mama mkwe uliyemsindikiza, kama ndiwe uliyeichemsha, vuta mkunga pembeni umwambie ulitia nini na saa ngapi.

Iko dawa nyingine ambayo wazee wataitambua. Wakumbuka chumvi ya haluli, ile ya kuharisha? Jina lake la kitaalamu ni magnesi salfeti, na hiyo hiyo, ikiwa safi ya sindano, ndiyo dawa ya kifafa cha mimba. Mama mwenye presha ya juu, aumwaye kichwa sana na kuona kiwi machoni, aweza kuanguka na kutikisika. Watu husema ni pepo, kumbe ni mimba. Mwaka 2002 uchunguzi wa wanawake wapatao elfu kumi katika nchi 33 ulionyesha kwamba dawa hii hupunguza hatari ya kifafa hicho kwa zaidi ya nusu. Lakini ikizidi, huzima pumzi. Ndiyo maana utamwona nesi akimgonga mgonjwa gotini kwa nyundo ya mpira, akihesabu pumzi, ambazo zisipungue 16 kwa dakika, na kupima mkojo. Hachezi. Goti lisiporuka, sindano inayofuata haichomwi.

Vidonge vya kliniki nitavitaja kwa upesi. Vya damu usivimeze kwa chai, maana chai huzuia madini ya chuma. Choo kikiwa cheusi usiogope. Vile vya malaria, vitatu kwa mara moja, humezwa mbele ya nesi baada ya miezi mitatu ya kwanza, kwa nafasi ya mwezi mmoja. Aliye kwenye vidonge vya septrini kila siku hapewi, naye aseme.

Limebaki jokofu. Oksitosini yataka ubaridi wa digrii 2 hadi 8. Ikikaa kabatini wakati wa joto, nguvu zake hupungua, nayo machoni ni maji yale yale. Mkunga huchoma sindano, damu isikome. Basi kamati ya zahanati inapokutana, waulize kama jokofu lawaka usiku na mchana, na nani hununua gesi. Tangu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani limekubali dawa iitwayo kabetosini, ya namna isiyoharibika kwa joto. Zahanati isiyo na umeme yaweza kuiulizia kwa mganga mkuu wa wilaya, ila ni ya kuzuia damu baada ya mtoto kutoka tu. Ya kuharakisha uchungu siyo.