Ongezeko la Watu na Uandikishaji wa Wanafunzi Mwambaoni mwa Ziwa Nyasa: Mfano wa Lipingo

Lipingo ni kata ya Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Kwa mujibu wa sensa, wakazi wa Mkoa wa Ruvuma waliongezeka kutoka 1,376,891 mwaka 2012 hadi 1,848,794 mwaka 2022, sawa na asilimia 34. Kitaifa ongezeko lilikuwa asilimia 37. Katikati ya kipindi hicho, Januari 2016, elimu bila ada ilianza kutekelezwa hadi kidato cha nne. Hivyo, idadi ya wanafunzi pekee haithibitishi ongezeko la vizazi, kwani sera huwaingiza darasani pia watoto waliokwisha kuzaliwa. Wimbi la waliochelewa kuandikishwa hupita; ongezeko la vizazi hudumu. Mipango ya madarasa na walimu haina budi kuyatofautisha.