C imejaa, D iko tupu? Ongeza nafasi bila kupoteza picha za bidhaa wala daftari la madeni

Leo naongea na wewe unayeuza mtandaoni na kazi zako zote ziko kwenye laptopu moja ya nyumbani: picha za bidhaa, orodha ya wateja, hesabu za mwezi. Kama ukifungua This PC unaona C ina mstari mwekundu na D ina nafasi kibao, soma mpaka mwisho.

Nianze na yaliyonikuta. Mimi nauza nguo za watoto. Wateja wangu wengi wanalipa kidogo kidogo, na daftari la madeni naliweka kwenye Excel. Mwaka juzi C ilijaa, laptopu ikawa inaganda hata kufungua picha moja. Nikaipeleka kwa fundi, nikamwambia, "Niongezee nafasi C." Jioni nikaichukua, iko nyepesi kama mpya. Kumbe ni mpya kweli! Diski nzima ilifutwa ikagawanywa upya. Mimi sikumwambia ndani kuna nini, na yeye hakuuliza.

Picha nyingine nilizipata kwenye WhatsApp. Daftari la madeni halikurudi. Wateja waaminifu walinitafuta wenyewe, "Dada, mimi unanidai elfu thelathini." Wengine kimya mpaka leo, na utamdai vipi mtu bila kumbukumbu?

Mwaka huu C ikajaa tena. Safari hii nikafanya mwenyewe, na sikupoteza hata picha moja. Nakueleza nilivyofanya.

ELEWA KWANZA C NA D NI NINI

Chukulia diski yako ni fremu moja ya duka iliyowekwa ukuta katikati. Chumba cha mbele ni C, anakaa Windows na programu zake. Chumba cha nyuma ni D, stoo yako. Kila chumba kinaitwa partisheni. Fremu haiongezeki, unachoweza kufanya ni kusogeza ukuta.

Sasa hapa ndipo wengi wanakwama. Windows ina sehemu ya kupunguza D, inaitwa Shrink Volume. Ukiitumia, nafasi inakatwa mwisho kabisa wa D, kule nyuma, siyo pale ukutani karibu na C. Na C inaweza kupanuliwa tu kama nafasi tupu imeigusa upande wake wa kulia. Kwa hiyo unapunguza D, unarudi C, unakuta neno Extend Volume limefifia, halibonyezeki. Hujakosea kitu wala laptopu haijaharibika. D imekaa katikati, basi.

KABLA YA YOTE, JE UNAHITAJI KWELI?

Mara nyingi C inajazwa na takataka. Nenda Settings, kisha System, kisha Storage, fungua Temporary files. Futa za muda, lakini angalia vizuri alama ya Downloads, maana humo kuna risiti na picha za wateja. Halafu hamishia mafolda mazito D. Bonyeza folda ya Pictures kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Properties, kisha Location, kisha Move, uelekeze kwenye folda mpya ndani ya D. Ukipata GB 30 au 40 kwa njia hii, ishia hapo. Huna haja ya kugusa ukuta.

Kama bado, twende.

MAANDALIZI, USIRUKE HATA MOJA

1. Nakala. Pata diski ya nje yenye nafasi kubwa kuliko vitu vyako. Nakili kila kitu cha D, na vya muhimu vilivyoko C, yaani Desktop, Documents na Pictures. Ukimaliza, linganisha idadi ya faili na ukubwa pande zote mbili kwa kutumia Properties. Fungua picha kadhaa na lile faili la hesabu kutoka kwenye diski ya nje. Nakala ambayo hujaifungua usiihesabu.

2. Daftari la madeni na orodha ya wateja, weka nakala ya pili. Jitumie kwa barua pepe. Ni faili dogo, halina gharama.

3. Angalia kama laptopu imefungwa kwa BitLocker au Device encryption. Kama imewashwa, chukua namba ya kufungulia yenye tarakimu 48 kwenye akaunti yako ya Microsoft, iandike kwenye karatasi, kisha zima ulinzi huo na usubiri umalize kabla ya kuendelea.

4. Umeme. Chaji betri ijae na laptopu ibaki kwenye chaja. Angalia LUKU imebaki yuniti ngapi. Usianze kazi hii umeme uko ukingoni.

5. Hakikisha hakuna programu uliyoiweka D. Kama ipo, iondoe kwanza, utaiweka upya baadaye.

HATUA ZENYEWE

Yangu ilikuwa diski ya GB 500, ambayo Windows inaionyesha kama GB 465 hivi. C ilikuwa na GB 100, iliyobaki ni D.

Hatua ya 1: Chomoa diski ya nje yenye nakala. Usiicheke hii. Mtu anafuta partisheni kwa haraka, kumbe kagusa diski ya nakala.

Hatua ya 2: Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua Disk Management. Utaona mistari: Disk 0, Disk 1. C na D lazima ziwe mstari mmoja. Kama D iko mstari mwingine, hiyo ni diski tofauti, yaani fremu ya jirani, na ukuta wake hausogei. Angalia pia katikati ya C na D. Kama kuna kipande kidogo kilichoandikwa Recovery, simama hapo. Hicho ni cha kuiokoa Windows ikiharibika, usikifute kwa kubahatisha. Tafuta fundi, umwelekeze ukiwa na nakala zako mkononi.

Hatua ya 3: Kama viko jirani, bonyeza D kwa kitufe cha kulia, chagua Delete Volume. Soma herufi mara mbili kabla ya kukubali. Moyo utadunda, lakini nakala ulishaifungua ukaiona.

Hatua ya 4: Bonyeza C kwa kitufe cha kulia, chagua Extend Volume. Andika kiasi kwa MB. GB 1 ni MB 1,024, kwa hiyo mimi nilitaka GB 100 nikaandika 102400. C ikawa GB 200, na Windows haikuguswa.

Hatua ya 5: Nafasi iliyobaki, bonyeza kwa kulia, chagua New Simple Volume, herufi D, aina NTFS. Stoo mpya hiyo.

Hatua ya 6: Chomeka diski ya nje, rudisha vitu vyako D, hesabu tena faili. Nakala ya nje usiifute. Mimi ninayo mpaka leo.

VIPI KUHUSU PROGRAMU ZA KUSOGEZA D MOJA KWA MOJA?

Zipo. GParted ni ya bure, unaiwasha kutoka kwenye fleshi, na inaweza kusogeza D bila kuifuta. Lakini kusogeza maana yake kila kitu kilichomo D kinahamishwa kutoka sehemu moja ya diski kwenda nyingine. Kwenye diski kubwa ni saa nyingi, na umeme ukikatika katikati unaweza kupoteza vyote. Nakala utaihitaji tu. Na kama nakala unayo, njia niliyokueleza ni rahisi zaidi.

Na kama diski yako inagonga au inatoa mlio wa ajabu, au faili zinagoma kufunguka, usiguse partisheni kabisa. Nakili vitu vyako leo, halafu nunua diski nyingine.

Ukimpelekea fundi, mwambie mwanzoni kabisa, "Humu kuna kazi zangu, usifute kitu bila kunipigia." Mimi maneno hayo sikuyasema, na mpaka leo kuna watu nikipishana nao sokoni najua wananidaiwa, ila sijui ni shilingi ngapi.

Hifadhi posti hii na umtumie mwenzako mwenye mstari mwekundu. Kisha, kabla hujalala leo, nakili daftari lako la madeni.