Fahamu: Oili ipi inaingia wapi kwenye pikipiki

Pikipiki nyingi za bodaboda, kama Boxer na TVS, zina injini ya mipigo minne. Humo, oili moja hulainisha pistoni, gia na klachi, kwa sababu vyote vinachota oili ileile. Hapo ndipo zinapotofautiana na magari mengi: klachi ya gari la gia za mkono kwa kawaida hukaa pakavu, ya pikipiki hizi huzama kwenye oili.

Ndiyo maana oili ya gari inaweza kukuharibia. Nyingi za kisasa huongezwa kemikali za kupunguza msuguano, na sahani za klachi hushikana kwa msuguano huohuo. Zikiteleza, injini inanguruma, pikipiki haivuti mlimani, sahani zinaungua. Kwenye kopo tafuta maandishi JASO MA au MA2; MB si ya klachi inayolowa. Kuhusu uzito wa oili, mathalani 20W-50, fuata kitabu cha pikipiki yako, si bei ya dukani.

Cheni inataka oili yake ya kupuliza, au oili nzito ya gia. Ile chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini, ambayo wengi huipaka, ina masizi na chembe za chuma zinazokula cheni pamoja na sproketi. Shokapu za mbele zina oili yake. Beringi za magurudumu hupakwa grisi.

Breki ya diski ni jambo jingine kabisa, nami nalisisitiza: weka mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4, kama kifuniko kinavyoelekeza. Oili ya injini ikiingia humo huvimbisha raba, na breki inaweza kugoma ukiwa kwenye mteremko.