Jina la duka ni mali: India wanavyolilinda

Juzi kati kuna mdau aliuliza kwenye maoni: mtu akiniibia jina la biashara, sheria inanisaidia nini? Mwenyewe analeta mzigo kutoka India, kwa hiyo tuanzie hukohuko. Mimi si mwanasheria, nimeishia form four, lakini sheria yao na hukumu zao zinasomeka mtandaoni ukiwa na hela ya lisaa limoja kafe na uvumilivu. (Kile Kiingereza cha mahakamani lakini, mh!)

Tuanze na halua. Kusini kabisa mwa India, jimbo la Tamil Nadu, kuna mji unaitwa Tirunelveli. Pale kuna kiduka cha halua kinaitwa Iruttukadai, yaani kwa Kitamil "duka la giza", maana taa yake ilikuwa hafifu. Wenyewe wanasema wanauza tangu 1900. Akatokea mtu mwingine akaanza kuuza "Tirunelveli Iruttukadai Halwa". Kaongeza jina la mji tu, basi! Na cha kushangaza, huyo naye alikuwa amesajili jina lake serikalini, ana cheti kabisa.

Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka 2015 wenye duka la zamani wakashinda. Majaji walisema aliyetangulia kulitumia jina ana haki kubwa kuliko aliyekuja baadaye, hata kama huyo wa baadaye ana cheti mkononi. Kwa maneno mengine, cheti hakizai haki, kinaitambua haki ambayo ipo tayari. Mimi nimeipenda sana hii, kwa sababu kwingine anayewahi ofisini ndiye anayebeba kila kitu, na muuza halua wa miaka mia angeondoka mikono mitupu.

Sasa utauliza, kama ni hivyo kusajili kwa nini? Jamani, ni kwa sababu ya ushahidi. Asiye na cheti bado anaweza kushtaki, ila inabidi athibitishe kwamba watu wanamjua kwa jina hilo, kwamba mwenzake anawapotosha wateja, na kwamba yeye anaumia. Hapo ni risiti za zamani, matangazo, mashahidi, miaka inakwenda. Mwenye cheti anakiweka mezani, kazi inakuwa nyepesi. Tena kughushi alama ya mtu kule ni jinai, kifungo ni miezi 6 hadi miaka 3 pamoja na faini.

Sheria inayotumika ni ya mwaka 1999, ilianza kazi Septemba 2003. Unaangalia kwanza kwenye tovuti ya msajili kama jina limeshachukuliwa, unachagua kundi la bidhaa au huduma (yapo 45), unaomba. Mtu binafsi akiomba kwa mtandao analipa rupia 4,500 kwa kila kundi, kampuni kubwa rupia 9,000. Wakiridhika wanalitangaza kwenye jarida lao, na mwenye pingamizi ana miezi 4. Kikipita kimya unapata cheti cha miaka 10, na unaweza kukihuisha kila miaka 10 mpaka wajukuu. Ile alama ya R ndani ya duara usiiweke kabla ya cheti, ni kosa. TM weka tu.

Ila si kwamba ukishasajili unalala. Usipolitumia jina miaka 5 mfululizo, mtu anaweza kuomba lifutwe.

Kesi ya pili inatuhusu sana sisi wa nchi za malaria. Kampuni mbili za dawa, zote wakati ule zilikuwa na jina Cadila, zilikuwa na dawa za malaria kali: moja Falcigo, nyingine Falcitab. Hebu yatamke haraka haraka. Sasa fikiria mwandiko wa daktari, duka la dawa, usiku, mgonjwa kazidiwa. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ilirudisha ugomvi wenyewe ngazi ya chini, lakini iliweka msimamo kwamba kwenye dawa kipimo cha kufanana lazima kiwe kikali zaidi, kwa sababu kosa hapo si hasara ya hela, ni roho ya mtu.

Na sisi wa intaneti tumo. Jamaa mmoja alifungua yahooindia.com. Yahoo walikuwa hawajapata cheti India, lakini mwaka 1999 Mahakama Kuu ya Delhi ilimzuia. Upande wake ulijitetea kwamba watu wa intaneti ni wasomi, hawadanganyiki. Jaji akakataa. Nadhani huyu jaji aliwahi kuingia kafe!

Lakini umaarufu wa nje hautoshi kila mara. Toyota walianza kuuza Prius Japani 1997, kampuni ya vipuri ya India ikaanza kutumia jina hilo 2001. Desemba 2017 Mahakama ya Juu iliwapa ushindi wa vipuri, kwa kuwa Toyota hawakuthibitisha kwamba Wahindi wakati ule waliijua Prius yao. Kwa hiyo mdau wangu, jina linalojulikana Kariakoo halina nguvu Mumbai mpaka watu wa kule walijue au ulisajili. India iliingia Itifaki ya Madrid mwaka 2013, na Kenya imo, kwa hiyo Mkenya anaweza kuomba akiwa nyumbani. Ukiomba moja kwa moja, lazima uwe na anuani ndani ya India ya kupokelea barua.

Halafu kuna hatari ya kupendwa kupita kiasi. Neno likishakuwa jina la kitu chenyewe kwa kila mtu, sheria yao inaweza kumnyima mwenyewe haki ya kulimiliki peke yake. Bajaj ni jina la kampuni ya Pune, lakini hapa Bongo hata pikipiki ya miguu mitatu ya TVS, mshindani wake kabisa, tunaiita bajaji. Wadau wa Mombasa, nyie mnaiitaje?