Mpira wa pampu ya plasta ukiziba, hela yako isizibe nayo

Pampu ya plasta ikiziba saa nne asubuhi, kikosi kizima kinasimama. Daga (ndivyo kila mtu wa saiti hapa Jozi anavyouita mchanganyiko wa mchanga na saruji) linaanza kukauka ndani ya mpira, msimamizi anapiga kelele, na kabla ya chai mtu ameshaambiwa arudi nyumbani au akatwe. Mara nyingi anayelaumiwa ni yule aliyekuwa karibu na mashine, na karibu na mashine wanawekwa vibarua. Ndiyo maana ukurasa wetu wa akiba leo unaongea habari za mpira na mchanga. Ndugu mnaotoka Diepsloot kila asubuhi kwenda saiti za Fourways, Dainfern na Steyn City, hii ni hela yenu.

Kwanza ujue kwa nini unaziba. Daga haliendi kwenye mpira kwa sababu ni maji maji. Linateleza juu ya utando mwembamba wa saruji na maji unaolainisha ukuta wa mpira. Utando huo ukipotea, au maji yakikamuliwa yakatangulia mbele, chembe za mchanga zinabaki zimeshikana kavu, na kadiri pampu inavyosukuma ndivyo zinavyokaza. Kwa hiyo kuongeza nguvu hakusaidii, kunapiga kizibo nyundo.

Sababu ya kwanza ni mpira mkavu. Asubuhi ukianza na daga moja kwa moja, mpira unanyonya maji ya daga la kwanza na kizibo kinazaliwa hapo hapo. Anza na uji wa saruji na maji, mzito kidogo kuliko uji wa mgonjwa, uupitishe mpira wote, halafu daga lifuate nyuma yake bila kusubiri. Uji ukitoka upande wa pili upokee kwenye ndoo, usiurushe ukutani. Kama mpira una maji yaliyobaki ya kuosha jana, yamwage kwanza, maana yanaosha ule utando unaoutaka.

Ya pili ni mchanga, na hapa ndipo watu wanapodharau. Mchanga wa pampu unatakiwa kuwa na chembe za kila ukubwa, kubwa, za kati na vumbi laini, ili zijazane. Mchanga uliooshwa sana, wenye chembe za saizi moja, unaacha matundu na maji yanapita. Jaribu hivi: chukua daga kiganjani, ukamue kwa nguvu. Maji yakichuruzika katikati ya vidole na kiganjani ukabaki mchanga mtupu, hilo litaziba. Likibaki bonge moja lenye mafuta mafuta, linapita. Chokaa ya ujenzi inasaidia sana kushika maji, ila muulize msimamizi kabla ya kuongeza, kwa sababu vipimo vya ukuta ni vyake.

Chekeche la juu ya hopa usilitoe hata wakikuharakisha. Jiwe moja, au bonge la saruji lililolowa kwenye mfuko, linatosha. Na kamwe usiingize mkono au mwiko chini ya chekeche mashine ikiwa imewashwa.

Mpira wenyewe ulale umenyooka, mikunjo iwe mipana, usipite chini ya tairi la toroli. Angalia viungio: kiungio kinachovuja matone ya maji kinaonekana kitu kidogo, kumbe pale ndipo maji yanatoka na mchanga unabaki. Badilisha raba yake kabla ya kazi.

Halafu kuna kusimama. Jua la hapa na hewa kavu ya miezi ya Juni na Julai havina huruma. Mkienda chai, rudisha mdomo wa mpira kwenye hopa na mashine izungushe daga kila baada ya dakika chache, mtu mmoja akibaki kuangalia. Umeme ukikatika na hamna jenereta, msikae kuusubiri. Toeni presha, fungueni mipira, osheni. Daga likigandia ndani, mpira huo mara nyingi ni wa kutupa, na bei yake ndiyo itakayotafutiwa mtu wa kuilipa.

Na mashine isizunguke tupu. Ile skurubu ya chuma inazunguka ndani ya raba, na bila daga au maji raba inaungua kwa muda mfupi. Raba iliyochakaa inasukuma kwa kigugumizi, na kigugumizi kinaleta kizibo.

Ikishaziba

Dalili unazijua: sindano ya geji inapanda, mashine inalia kwa uzito, mdomoni panadondoka matone. Zima hapo hapo. Kisha rudisha nyuma, yaani rivasi, sekunde chache, presha irudi kwenye hopa. Jaribu mbele na nyuma mara mbili, tatu basi. Zaidi ya hapo unashindilia.

Sasa sikiliza, maana hapa watu wanapoteza macho. Geji ikionyesha sifuri, usiiamini peke yake. Yenyewe inaweza kuwa imezibwa na daga, ikadanganya. Minya mpira: kama bado ni mgumu kama mti, kuna presha ndani, usifungue. Rivasi tena. Ukishalegea, zima swichi kuu na uchomoe waya. Vaa miwani ya kazi na glovu, funika kiungio kwa gunia au plastiki nzito, geuza uso pembeni, wenzako wasogee, ndipo ulegeze taratibu.

Kupata kizibo kilipo, tembea ukifuata mpira kutoka kwenye mashine. Kabla ya kizibo unakuwa mgumu, baada yake ni laini. Mara nyingi kiko kwenye kiungio, kwenye kona, au pale mpira mnene unapoungana na mwembamba. Mpira ukishafunguliwa, gonga sehemu hiyo kwa nyundo ya mbao au raba, ikunje huku na huku, ining'inize mchanga umwagike, malizia kwa maji ya kawaida. Usichungulie ndani. Usitumie hewa ya kompresa, hata fundi gani akuambie: kizibo kinatoka kama risasi na mpira unachapa kama nyoka. Tazama kilichotoka. Ukikuta jiwe, chekeche limetoboka. Ukikuta mchanga mkavu, rudi kwenye mchanganyiko. Kabla ya kuunga tena, uji wa saruji upite upya.

Daga likiingia jichoni, maji safi mengi dakika 20 bila kusimama, halafu hospitali. Saruji mbichi inaunguza, na maumivu yanaweza kuja yamechelewa.

Na hela?

Sheria ya masharti ya kazi ya Afrika Kusini, namba 75 ya 1997, inasema bosi hawezi kukukata kwa hasara mpaka kosa liwe lako, upewe nafasi ya kujieleza, na ukubali kwa maandishi deni lenyewe ni la nini. Hata hapo, makato hayazidi hasara halisi wala robo ya mshahara wako. Kuanzia tarehe 1 Machi 2025 kima cha chini cha taifa kilikuwa R28.79 kwa saa. Kwa kima hicho wiki ya saa 45 ilikuwa R1,295.55, na robo yake haikufika R324. Anayekushikia mshahara wote wa wiki kwa sababu ya mpira amevuka mstari. Usitie saini karatasi usiyoielewa.

Na ukirudishwa nyumbani baada ya saa tatu, unastahili kulipwa saa nne, ambazo kwa kima hicho cha 2025 zilikuwa R115.16. Jambo moja la kuangalia: ulinzi huu ni kwa anayemfanyia bosi huyo kazi saa 24 au zaidi kwa mwezi. Ni siku tatu tu za saa nane, lakini lazima uweze kuzionyesha. Andika kila siku kwenye daftari au simu: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, jina la saiti. Dada zetu wa kazi za ndani, haya yanawahusu pia, sahani ikivunjika au mashine ya kufulia ikigoma.

Ukiumia, mwambie bosi siku hiyo hiyo, mbele ya shahidi. Anatakiwa kuripoti kwenye mfuko wa fidia ndani ya siku 7. Wafanyakazi wa ndani waliingizwa kwenye fidia hiyo na Mahakama ya Katiba tarehe 19 Novemba 2020, katika kesi ya Mahlangu, mama aliyezama kwenye bwawa la mwajiri wake Pretoria mwaka 2012.

Mkishindwana kuhusu mshahara, nenda CCMA. Kufungua shauri ni bure. Kuhusu karatasi, Mahakama ya Kazi ilishasema mwaka 2008 kwamba mgeni asiye na kibali cha kazi bado ni mfanyakazi anayeweza kusikilizwa pale. Beba lile daftari, pamoja na picha ya mchanga, chekeche na mpira ulivyokuwa siku ile. Picha piga kabla hamjaosha.