Siri ya Rangi Iliyomo Machoni mwa Kamba

Tunapowatia kamba chunguni, watoto wetu huuliza mbona wamegeuka wekundu. Hiyo ni kazi ya moto: joto huiharibu protini iliyoifunika rangi nyekundu ya gamba, nayo rangi ikadhihirika. Lakini kamba na kaa hubadili rangi hata wangali hai, na siri ya mabadiliko hayo imo machoni mwao.

Chini ya gamba lao mna seli zenye chembechembe za rangi. Chembe hizo zikitawanyika ndani ya seli, mwili hukoza. Zikijikusanya katikati, mwili hupauka. Hivyo kamba aliye juu ya mchanga mweupe hufifia, na aliye penye weusi hukoza, adui asimtambue.

Ni nani azitoleaye amri chembe hizo? Mwaka 1928 mtaalamu wa Marekani, Perkins, alikata neva za kamba wadogo, na rangi zao zikaendelea kubadilika. Alipoukata mshipa wa damu, sehemu iliyokosa damu haikubadilika. Kisha alichukua vikonyo vinavyobeba macho, akavitoa maji yake na kumdunga kamba aliyekoza, naye akapauka. Ikabainika kuwa amri husafiri katika damu. Nasi leo twaiita homoni. Mwaka 1972 wataalamu wa Sweden walieleza muundo wa homoni mojawapo: ni mnyororo wa asidi amino 8 tu.

Tena kuna kaa wadogo wa mikokoni, ambao dume ana gando moja kubwa mno. Hao hukoza mchana na kupauka usiku. Mwaka 1948 Brown na Webb walionesha kuwa hata wakifungiwa gizani siku nyingi, kaa hao hawaipotezi saa yao.

Elimu hii imefika hadi kwenye sahani zetu. Vikonyo hivyo hivyo hutoa homoni nyingine, zinazozuia kamba asijivue gamba kabla ya wakati na jike asipevushe mayai ovyo. Kwa hiyo, katika vituo vingi vya kuzalisha vifaranga vya kamba duniani, jike hukatwa au hubanwa kikonyo cha jicho moja ili apevushe mayai upesi. Faida hupatikana, lakini kiumbe hulemazwa.

Sisi tuliofunzwa kumhurumia hata mnyama wa kuchinjwa, hatuwezi kulipita jambo hili kimya. Wapo wafugaji wanaozalisha kamba pasipo kuwakata macho, kwa lishe bora na uteuzi mzuri wa wazazi. Basi tunaponunua kamba wa kufugwa, tumuulize muuzaji walikotoka na jinsi walivyozalishwa. Huenda asiwe na jibu leo. Lakini swali likiulizwa na wengi, mfugaji naye atalisikia.