Je, Wajua? Picha ya Eksirei Huchorwa na Mwanga

Je, wajua kwamba mionzi ya eksirei yenyewe hushiriki kidogo sana kuichora picha ya mfupa wako? Mtu akianguka kutoka kwenye mwembe huko Makueni msimu wa mavuno, au akitupwa na bodaboda kwenye barabara ya Kitui kwenda Mutomo, mkono wake ukapigwa picha kwa filamu, zaidi ya asilimia 95 ya weusi anaouona kwenye filamu ile ni kazi ya mwanga wa kawaida, mwanga wa buluu au wa kijani ambao hata jicho lingeuona. Mwanga huo hautoki kwenye mashine. Hutoka ndani ya kaseti, kile kisanduku bapa kinachobeba filamu, kwenye karatasi mbili nyeupe, moja juu na moja chini, filamu ikiwa imebanwa katikati. Wapiga picha wa hospitalini huziita skrini.

Sababu ni hii. Eksirei ina nguvu ya kupenya nyama na mfupa, na filamu ni nyembamba mno kuizuia. Mionzi karibu yote huipita bila kuacha alama. Skrini imepakwa tabaka la chembechembe za madini mazito, lenye unene wa sehemu chache za kumi za milimita, na madini hayo hunasa mionzi vizuri zaidi. Kila chembe moja ya mionzi inayonaswa hupasuka papo hapo ikawa vimulimuli vya mwanga zaidi ya elfu moja. Nyuma ya tabaka hilo kuna jingine jeupe linalourudisha mwanga uliokimbilia upande usiotakiwa, ili uende kwenye filamu. Na filamu yenyewe imepakwa dawa pande zote mbili, ipokee kutoka juu na kutoka chini.

Faida yake kwa mgonjwa ni kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Bila skrini, picha ileile ya kifua au nyonga ingehitaji mionzi makumi ya mara zaidi. Mtoto anayelia angetakiwa kutulia kwa sekunde nyingi badala ya sehemu ndogo ya sekunde. Nayo mashine ndogo ya kusukumwa kwa magurudumu, ile inayotegemea jenereta, isingefua dafu mbele ya tumbo la mtu mzima.

Wilhelm Röntgen aligundua eksirei tarehe 8 Novemba 1895, mjini Würzburg, Ujerumani, kwa sababu kipande cha karatasi kilichopakwa chumvi ya bariamu kiling'aa gizani. Kwa hiyo mng'ao ulitangulia, picha ikafuata. Mwezi uliofuata alipiga picha ya mkono wa mkewe, na ilichukua kama dakika 15. Miezi michache tu baadaye, Februari 1896, wakili mmoja wa New York aliletwa kwa Profesa Michael Pupin wa Chuo cha Columbia akiwa na marisau mengi mkononi, baada ya bunduki ya kuwindia kumfyatukia. Kwa njia ya kawaida alitakiwa auweke mkono bila kujongea kwa karibu saa nzima, na maumivu hayakumruhusu. Pupin akachukua karatasi inayong'aa aliyopewa na mvumbuzi Thomas Edison, akaibana pamoja na bamba la picha. Sekunde chache zikatosha, na marisau yakaonekana moja moja. Hiyo ndiyo asili ya kaseti inayotumika mpaka leo.

Edison naye hakulala. Alijaribu maelfu ya kemikali akitafuta ile inayong'aa kuliko zote, na mwaka huohuo wa 1896 akaichagua kalsiamu tungsteti, ambayo ilitawala vyumba vya eksirei duniani kwa zaidi ya miaka 70. Lakini yafaa tumkumbuke pia msaidizi wake, Clarence Dally. Katika majaribio hayo aliiweka mikono yake mwenyewe mbele ya mionzi siku baada ya siku. Ilioza, ikakatwa, na mwaka 1904 akafariki kwa saratani. Edison aliachana na kazi ya eksirei kabisa. Kifaa kinachompunguzia mionzi mwanakijiji wa Mwingi leo kilitafutwa kwa gharama ya mikono ya mtu huyo.

Je, wajua kwamba skrini na filamu lazima zilingane rangi? Kalsiamu tungsteti hutoa mwanga wa buluu. Kuanzia miaka ya 1970 zikaja skrini za madini adimu kama gadoliniamu na lanthanamu. Hizi hugeuza mionzi kuwa mwanga kwa ufanisi wa mara tatu au zaidi, na zile za gadoliniamu zilizotiwa tabiamu hutoa mwanga wa kijani. Ukitia filamu inayotambua buluu pekee kwenye kaseti ya kijani, picha hutoka hafifu, na mgonjwa hurudishwa mezani apigwe tena, mionzi ikiongezeka bure. Hata taa ya chumba cha giza hubadilika: filamu ya kijani hudai taa nyekundu, kwa maana ile ya rangi ya kaharabu itaiharibu. Na madini hayo adimu hayako mbali nasi: Mlima Mrima, kule Kwale, unajulikana kwa akiba yake.

Adui mkubwa wa skrini katika nchi kama Ukambani ni vumbi. Fungua kaseti ya kifua, ya sentimita 35 kwa 43, uitazame kwa karibu. Kifuniko cha nyuma kina sponji inayosukuma skrini iikumbatie filamu, na nyuma ya sponji kuna utando wa madini ya risasi wa kuzuia mionzi inayorudi. Skrini yenyewe ni nyeupe na laini kama ganda la yai. Sasa punje moja ya udongo mwekundu ikiingia kupitia dirisha la chumba cha giza, itauzuia mwanga usifike kwenye filamu, na mahali hapo patabaki doa jeupe. Daktari asiyejua anaweza kuliona doa hilo katika picha ya tumbo akadhani ni jiwe la figo, au katika picha ya mguu akadhani ni kipande cha kioo. Ndiyo maana fundi makini huandika namba pembeni mwa kila skrini, nayo hutokea kwenye kila picha. Doa likijirudia mahali palepale, yeye huangalia namba, huitafuta kaseti ile, huifuta kwa kitambaa kisicho na nyuzi na dawa yake, kisha huiacha imesimama wazi mpaka ikauke. Kazi ya dakika chache, na kwangu mimi ina uzito sawa na kununua mashine mpya.

Skrini ina kasoro moja ya asili: mwanga husambaa kidogo kabla ya kuifikia filamu, kwa hiyo kingo za mfupa hupoteza ukali. Skrini nene huokoa mionzi lakini hufifisha ufa mwembamba. Filamu ndogo ya meno, ile inayowekwa mdomoni, haina skrini kabisa, kwani daktari wa meno anataka kuona kila uzi.

Je, wajua kwamba mabomba ya mafuta nayo hupigwa picha? Bomba la kwanza la Mombasa hadi Nairobi, lililoanza kazi mwaka 1978, lilipita Makueni kwenye njia ya Mtito Andei, Makindu na Sultan Hamud, na jipya likaja mwaka 2018. Katika ujenzi wa mabomba kama hayo, picha ya mishono iliyochomelewa hupigwa kwa mionzi mikali zaidi, na skrini zake ni karatasi nyembamba za risasi. Hazing'ai hata kidogo. Mionzi inapozigonga hung'oa elektroni, na elektroni hizo ndizo huitia filamu weusi.

Kuanzia mwaka 2015, mpango wa serikali wa kukodisha vifaa ulipeleka mashine za eksirei za kidijitali katika hospitali mbili za kila kaunti, Kitui na Makueni zikiwemo. Filamu inaondoka, lakini skrini haijaondoka: ndani ya bamba la kidijitali mna tabaka la gadoliniamu au la sesiamu aidodi, linalong'aa vilevile, ila mwanga wake husomwa na kompyuta. Wewe uliye na filamu ya zamani ya kifua nyumbani, usiitupe. Kovu la kifua kikuu la miaka iliyopita hutofautishwa na ugonjwa mpya kwa kulinganisha picha mbili. Ihifadhi bila kuikunja, mahali pakavu pasipo na jua, na uende nayo kila unapoitwa kupigwa picha nyingine.